Kufunga taa za kazi kwenye trekta dogo, kuanzia betri hadi jarubani

Maji ya skimu ya umwagiliaji hayangoji kukuche. Pale Dakawa, wilayani Mvomero, ambako mpunga hunyweshwa kwa maji ya Mto Wami yanayovutwa kwa pampu, zamu yako ya kujaza jaruba, kile kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, inaweza kuangukia saa tano ya usiku. Jaruba likishajaa, linataka kuchabangwa, yaani udongo uvurugwe na maji hadi uwe tope, na kusawazishwa upesi, maana nyuma yako kuna wenzako wanaosubiri maji hayohayo na trekta hilohilo. Hapo ndipo mwenye trekta anaponijia: "Fundi, nifungie taa, nilime usiku."

Matrekta ninayoletewa mengi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani: Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, ya nguvu za farasi 15 hadi 35 hivi. Yana taa mbili mbele, usawa wa boneti, zilizowekwa ili uonekane na uione njia ya kurudi nyumbani. Nyuma, ambako rotaveta, lile jembe la visu, inazunguka na ndiko kazi ilipo, kuna giza tupu. Dereva analima huku ameshika tochi ya simu kwa mkono mmoja. Nimeyaona hayo, na sipendi kuyaona tena.

Kuna jambo jingine nisilopenda kuliona tena. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye trekta lililofungwa taa nne za halojeni kwa kuungwa kwenye waya wa taa za mbele, bila fyuzi yake yenyewe. Waya ule wa kiwandani ni mwembamba, ulipimwa kubeba taa mbili ndogo. Usiku wa pili swichi iliyeyuka, na fungu zima la nyaya likaungua kutoka dashibodi hadi kwenye ufunguo. Mwenye trekta alikaa siku tisa bila kulima, katikati ya msimu, nikimtengenezea nyaya upya moja baada ya nyingine. Taa zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu utazungumza zaidi juu ya waya kuliko taa.

Anza kwa kujua umeme ulio nao

Kabla ya kwenda dukani, fungua boneti utafute kibati cha altaneta, mashine inayozungushwa na injini kutengeneza umeme. Kitaandika volti 12 na idadi ya amperi. Kwenye matrekta madogo nimekutana na altaneta za amperi 20, za 40, na kwenye yale ya zamani zaidi, dainamo zinazotoa pungufu ya hapo. Dainamo ina tabia moja unayopaswa kuijua: injini ikiwa inanguruma polepole, hutoa umeme kidogo sana. Taa zitawaka, lakini kwa chakula cha betri.

Kama kibati kimefutika, tumia mita ya kupimia umeme. Pima betri injini ikiwa imezimwa na imepumzika saa kadhaa. Ikiwa nzima na imejaa itasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, iweke kwenye mwendo unaotumia shambani, upime tena. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, chaji inaingia vizuri. Sasa washa taa zote za trekta na uangalie. Ikibaki juu ya 13.5, una nafasi ya kuongeza mzigo. Ikishuka hadi 12 na kitu, usiongeze hata taa moja mpaka umalize ugonjwa wa chaji, ambao mara nyingi ni mkanda uliolegea, vichwa vya betri vyenye kutu nyeupe, au betri yenyewe iliyochoka.

Halafu piga hesabu. Wati ugawanye kwa volti, unapata amperi. Tuchukue trekta lenye altaneta ya amperi 20. Taa zake mbili za mbele za wati 35 kila moja zinakula amperi 5 na kidogo. Taa ndogo, geji na vitu vya injini, weka 2. Betri nayo inataka kurudishiwa kile ilichotumia kuwasha injini, na altaneta ya zamani haitoi amperi zote zilizoandikwa kwenye kibati. Mimi huwa siruhusu taa mpya zile zaidi ya amperi 7 au 8 kwenye trekta kama hilo.

Taa mbili za halojeni za wati 55 ni wati 110, yaani amperi 8 hivi. Umeshafika ukingoni, na una taa mbili tu. Taa nne za LED za wati 18 ni wati 72, ambazo kwa volti 13.8 ni amperi 5.2. Zinaingia bila taabu, na mwanga wake ni mwingi kuliko wa zile halojeni mbili. Hii ndiyo sababu siku hizi sifungi halojeni tena, isipokuwa mteja anazo tayari na trekta lake lina altaneta kubwa.

Kununua taa

Wati zinazoandikwa kwenye boksi za taa za LED usizichukue kama zilivyo. Taa iliyoandikwa 48 inaweza kula 18 tu. Si lazima iwe mbaya, lakini unalipia kitu ambacho hakimo. Ukienda Kariakoo, nenda na mita yako, au muombe muuzaji aiwashe taa kwa betri ya volti 12 huku mita ikiwa katikati ya waya, kwenye sehemu ya amperi 10. Ikisoma 1.4, zidisha kwa 12.6, unapata karibu wati 18. Muuzaji anayejiamini hatakataa.

Angalia herufi IP na tarakimu zake. IP67 maana yake vumbi haliingii na taa inavumilia kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kwa kazi ya jaruba usishuke chini ya hapo. Geuza taa uangalie mgongo wake: ile mifereji ya alumini ndiyo inayopoza LED. Mgongo mwembamba au wa plastiki ni dalili kwamba taa haitafika msimu ujao. Mabano yake yawe ya chuma kinene, kwa sababu mtikisiko wa injini ya silinda mbili au tatu hukata mabano dhaifu kama karatasi.

Kuna taa za kutawanya na za kurusha mbali. Dukani utavutiwa na ile ya kurusha, kwa kuwa inafika ukutani mwa mtaa wa pili. Iache. Trekta dogo linatembea polepole, na unachohitaji kuona kipo ndani ya mita kumi. Chukua za kutawanya zote nne, au kama unarudi nyumbani kwa njia ndefu ya porini, tatu za kutawanya na moja ya kurusha, ikae mbele.

Rangi ya mwanga nayo ina maana kuliko watu wanavyodhani. LED nyingi za bei nafuu zina mweupe wa buluu, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,000 hadi 6,500. Mwanga huo ukipiga kwenye vumbi au ukungu wa alfajiri unakurudia usoni, na wadudu wanaupenda mno. Anayelima bondeni usiku anajua maana ya wadudu kuingia mdomoni. Ukipata za kelvini 4,000 hadi 5,000, chukua hizo hata kama zinaonekana hafifu kidogo dukani.

Mahali pa kuziweka

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu, na nakushauri nawe usiharakishe. Usitoboe kitu chochote siku ya kwanza. Kata vipande vya mpira wa tyubu, zifunge taa kwa mpira huo mahali unapodhani panafaa, zilishe umeme kwa waya wa muda wenye fyuzi, kisha subiri usiku uingie. Kaa kwenye kiti. Teremsha rotaveta, ipandishe. Geuza shingo ulivyozoea kugeuza. Ndani ya nusu saa utajua mambo ambayo mchana usingeyajua.

Taa ya kazi ikikaa vizuri, dereva haioni kabisa. Anaona ardhi tu. Ukiona hata ukingo wa kioo chake kwa pembe ya jicho, jicho litazoea ule mwanga na sehemu zenye giza zitazidi kuwa nyeusi. Taa za nyuma nazipenda kwenye nguzo za ule upinde wa kinga nyuma ya kiti, upande wa nje, juu ya bega la dereva, zikiinamishwa hadi kitovu cha mwanga kianguke mita mbili au tatu nyuma ya trekta. Kwa urefu huo, mkono wa jembe ukipanda hauzibi mwanga, na matope yanayorushwa na magurudumu ya chuma hayazifikii kirahisi.

Za mbele, usiziweke juu ya upinde zikitazama mbele. Wengi hufanya hivyo kwa sababu panapendeza. Mwanga wake unapita juu ya kichwa chako, unapiga boneti, na boneti inakurudishia machoni. Wadudu nao wanajazana kichwani pako. Ziweke mbele chini, kwenye kibano kinachoshikwa na bolti za fremu karibu na uzito wa mbele, au pembeni mwa boneti usawa wa taa za kiwandani, zikitazama nje kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili umulike tuta unapokata kona.

Jambo moja halina mjadala: upinde wa kinga usitobolewe wala kuchomelewa. Ulipimwa ubebe uzito wa trekta likipinduka na kukuacha hai, na kila tundu au moto wa welding unaudhoofisha mahali usipopaona. Tumia yubolti au kibano cha vipande viwili chenye mpira katikati. Matrekta mengi ya zamani ya Japani hayana upinde kabisa. Kwa hayo, mabano ya taa hufungwa kwenye madigadi, na madigadi ni bati tu, kwa hiyo weka kipande cha bati nene kwa ndani ili bolti zisilichane.

Waya, fyuzi na rilei

Waya wa magari ni wa shaba wa nyuzi nyingi, unaopinda. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu utakatika kwa mtikisiko, mara nyingi ndani ya plastiki mahali usipoweza kupaona. Dukani kwangua ncha ya uzi kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo haibebi umeme sawasawa na shaba, na inaoza upesi ikikutana na maji.

Unene wake si wa kukisia. Tuseme kutoka betri hadi taa za nyuma ni mita 4, na umeme unarudi mita 4 nyingine, jumla 8. Kwa amperi 6, waya wa milimita za mraba 0.75 utapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Wa 1.5 utapoteza kama 0.56. Wa 2.5 utapoteza 0.34 tu. Mimi natumia 2.5 kwa waya mkuu wa kutoka betri, 1.5 kwa matawi yanayokwenda kila taa, na 0.75 kwa waya wa swichi, kwa sababu huo haubebi mzigo wa taa.

Fyuzi inalinda waya. Taa ikiungua, umepoteza taa. Waya ukiungua, unaweza kupoteza trekta, na shamba lenye mabua makavu pia. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo, ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya, kwa maana sehemu yoyote ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Chukua mzigo wako, ongeza robo hadi nusu, kisha panda kwenye saizi inayofuata. Kwa amperi 6 ni fyuzi ya 10, ile nyekundu. Weka mbili za akiba ndani ya kisanduku cha spana, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, la sivyo usiku mmoja dereva atazungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na hapo fyuzi haipo tena.

Rilei ni swichi inayoendeshwa na swichi. Umeme mkubwa unapita ndani yake, na kidole chako kinaamuru umeme mdogo tu, kama amperi 0.2. Kuna mafundi watakaokuambia kwamba kwa amperi 6 rilei haina kazi, swichi ya moja kwa moja inatosha. Kwa swichi bora ya magari, ni kweli. Lakini swichi nyingi zinazouzwa huku zimeandikwa amperi za umeme wa nyumbani, wa AC, na kwa umeme wa betri cheche zake hula shaba ya ndani upesi. Isitoshe, sipendi waya mnene wa betri upande hadi dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Nunua rilei, haina gharama kubwa.

Chini ya rilei utaona namba, na namba hizo ni zilezile kwa rilei za kawaida za magari. 30 inapokea waya kutoka betri, ukiwa umepita kwenye fyuzi. 87 inakwenda kwenye taa. 85 inakwenda eathi, yaani chuma cha trekta kilichoungwa na hasi ya betri. 86 inapokea waya kutoka swichi. Ukikuta na 87a katikati, iache tupu na uifunike. Hiyo hutoa umeme wakati rilei imezimwa, na ukiichanganya na 87 taa zitawaka muda wote usiotaka.

Swichi yenyewe ipate umeme wake kwenye waya unaokuwa hai ufunguo ukiwa umewashwa tu. Utafute kwa testa kwenye kisanduku cha fyuzi cha trekta: unaowaka ufunguo ukifunguliwa na kuzimika ukifungwa. Sababu ni usahaulifu. Betri ya N50, yenye takriban amperi-saa 50, ikiachiwa taa za amperi 6 itakuwa imebaki nusu baada ya saa nne, na alfajiri hutaisikia selfu ikigeuka. Wengine wanataka taa ziwake hata ufunguo ukiwa umetolewa, ili watengeneze kitu shambani injini ikiwa kimya. Ni haki yao, lakini mimi nawashauri wabebe tochi ya kichwani.

Kufunga, sasa

Andaa spana za 10 hadi 14, drili na biti zake za kutobolea, koleo la kubana vichwa vya waya, testa, mita, vichwa vya shaba, mirija inayonywea kwa moto, bomba la plastiki la mikunjo la kupitishia waya, kamba za plastiki za kubania, na msasa.

Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Ukianza na chanya, na spana ikagusa chuma cha trekta, utapata cheche kali pembeni mwa betri inayotoa gesi ya hidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Ukianza na hasi, spana ikigusa chuma hakitokei kitu. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Funga taa kwa bolti zenye nati za kujibana au washa za springi. Usizikaze kabisa bado, utazielekeza usiku.

Tafuta mahali pa rilei: pakavu, mbali na bomba la moshi, pasipopigwa na maji ya matope. Chini ya dashibodi au ubavuni mwa ukuta wa injini panafaa. Ielekeze miguu chini ili maji yakiingia yatoke.

Pitisha waya. Fuata njia ya fungu la nyaya za kiwandani, kwani mhandisi aliyelibuni alishajua penye joto na pasipo joto. Kaa mbali na ekzosi, feni na mkanda wake, pedali ya klachi, viungo vya usukani, na juu ya yote mikono ya kuinulia jembe, ambayo hukata waya kama mkasi. Pinda waya polepole, usiuvute ukakaza. Kama upinde wa kinga unakunjwa, acha waya wa ziada kwenye bawaba yake, kisha ukunje na kuukunjua mara kadhaa ukitazama kama kuna mahali unapobanwa. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, tundu lipate mpira wake. Bati lisilo na mpira hula plastiki ya waya taratibu, na litamaliza kazi yake usiku wa mvua.

Viungo vibanwe kwa koleo lake, si kwa meno ya playa. Bana, vuta kwa nguvu ya mkono. Kikichomoka, hakikuwa kimeshika. Kisha mrija unaonywea, joto, ukaze. Solda naiepuka kwenye trekta: pale solda inapoishia, nyuzi zinakuwa ngumu kama uzi mmoja, na mtikisiko hukatia hapo. Kila waya unaoingia kwenye taa au rilei uushushe kwanza chini kidogo halafu upande, ili maji yadondokee kwenye pindo na yasitiririke hadi kwenye kiungo.

Eathi ndiyo inayorudisha wateja wengi gereji. Usitegemee bano la taa lishike eathi kupitia rangi, kutu na mpira. Kila jozi ya taa ipate waya wake wa kurudi, wa unene uleule, hadi kwenye bolti moja ya fremu ambako waya hasi wa betri umefungwa, au kwenye hasi yenyewe. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, kisha ndipo upake grisi juu. Grisi ikitangulia, inakuwa kizuizi.

Kabla hujarudisha betri, toa fyuzi uweke mita kwenye sehemu ya kupima ukinzani. Gusa ncha moja kwenye waya wa 30 na nyingine kwenye fremu, halafu ile ya 87 na fremu. Kwenye 30 isome hakuna njia kabisa. Kwenye 87 utapata namba kiasi kwa sababu ya taa, lakini ikisoma sifuri, waya wa chanya umegusa chuma mahali fulani. Utafute sasa, mchana, ukiwa na utulivu.

Rudisha betri, hasi mwisho. Weka fyuzi. Fungua ufunguo, bonyeza swichi, usikie rilei ikisema "tik". Washa injini uweke mwendo wa shambani, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri na baadaye kwenye waya za taa ya mbali zaidi. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibaya au waya mwembamba. Ili kujua upande wenye kosa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, eathi ndiyo yenye shida. Ziache ziwake dakika 20, halafu gusa kishikio cha fyuzi, rilei na kila kiungo kwa kidole. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha kidole hapo, fungua utengeneze upya.

Zikigoma

Zote zimezimika kwa pamoja: angalia fyuzi kwanza, na kabla hujaweka nyingine tafuta kilichoikata. Rilei hailii: fuata waya wa swichi na eathi ya 85. Inalia lakini giza: pima kama umeme unafika 30, kisha kama unatoka 87. Taa moja hafifu kuliko mwenzake, ni eathi. Zinapepesa trekta likiruka matuta, ni kichwa cha waya kisichobanwa vizuri, na ukikitingisha kwa mkono utakipata.

Ukiwa jarubani usiku

Mwanga mkali mbele na nyuma huzidisha giza la pembeni. Mtu aliyesimama usawa wa gurudumu, nje ya duara la mwanga, humwoni, na yeye anadhani unamwona kwa sababu kwake yeye trekta linawaka kama harusi. Vibarua huchoka wakalala juu ya tuta wakisubiri kupambazuke. Watoto hufuata baba zao. Kabla ya kuingia jarubani, shuka, zunguka kwa miguu na tochi, hesabu watu mlio nao, na mwambie kila mmoja asimame mahali mtakapokubaliana. Mtu akitaka kukukaribia, aje kwa mbele, apunge tochi, asubiri usimame. Rotaveta ikinasa nyasi au kamba, zima PTO (mhimili unaozungusha rotaveta), zima injini, toa ufunguo, ndipo uteremke. Taa nzuri zinatia ujasiri wa kushuka na kunyoosha mkono wakati chuma bado kinazunguka, nami nimemzika jirani aliyekufa kwa namna hiyo, miaka ambayo hata taa hatukuwa nazo.

Ukitoka shambani kuingia barabarani, zima za nyuma. Dereva wa bodaboda au lori anayekuja nyuma yako akipigwa na taa hizo nyeupe machoni hajui kama unakuja au unakwenda, na hawezi kuona jembe lililotokeza. Kwa sababu hiyo mimi hufunga swichi mbili na rilei mbili, ya mbele na ya nyuma mbalimbali, ingawa mteja aliomba moja. Nyuma pabaki na taa nyekundu zinazofanya kazi na viakisi vyekundu, hata vya kubandika.

Baada ya saa kumi za kwanza za kazi, kaza bolti zote za taa tena, maana rangi na mpira hukaa mahali pake na bolti hulegea. Kila ukiosha trekta, toa matope kwenye mifereji ya mgongo wa taa kwa brashi. Tope likikauka hapo ni blanketi, na LED hufa kwa joto. Bomba la maji yenye nguvu usilielekeze kwenye rilei wala kisanduku cha fyuzi. Na chora mchoro wa kazi yako kwenye karatasi, hata kwa penseli: rangi ya kila waya, fyuzi iko wapi, rilei iko wapi. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uiweke chini ya kiti pamoja na zile fyuzi mbili nyekundu.